Maswali ya wasomaji: cheni mpya, sproketi kuukuu

Nilifunga cheni mpya miezi miwili iliyopita. Tayari imelegea, na nikiondoka na abiria mlimani inaruka meno. Sproketi sikubadilisha kwa sababu meno bado yapo. Fundi anasema tukate pingili moja. Nimkubalie? (Dereva wa bodaboda, Lushoto)

Usimkubalie. Ukikata cheni unaficha ugonjwa tu, na mlima wa Lushoto si mahali pa kukatikiwa na cheni ukiwa na mtu nyuma.

Cheni haivutiki kama raba. Kinacholika ni pini na bushi zilizo ndani ya kila kiungo. Kila kiungo kikilika kidogo tu, viungo mia na ushee vikijumlishwa cheni nzima inakuwa ndefu. Pikipiki nyingi za kazi za cc 100 hadi 150 hutumia cheni namba 428, ambayo kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni mm 12.7. Sproketi zako za zamani zimefanya kazi na cheni iliyorefuka, kwa hiyo meno yake yamelika upande mmoja kufuata ule urefu. Ukiweka cheni mpya ya mm 12.7 juu yake, haikai chini kabisa kwenye mabonde ya meno. Mzigo wote unabebwa na jino moja au mawili, na cheni uliyoinunua juzi inazeeka kabla ya siku zake.

Inamisha kichwa uitazame sproketi ya nyuma kwa ubavu. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililokwisha limechongoka na kuinama kama mundu, na ukipitisha kidole unahisi ukingo mkali. Kisha ishike cheni pale nyuma kabisa ya sproketi uivute kuelekea kwako. Ikiachana na sproketi kiasi cha kuona nusu ya jino, kazi yake imekwisha.

Mwenye rula apime: ivute cheni ikaze, hesabu pini 21, yaani nafasi 20. Ikiwa mpya ni mm 254. Ikifika mm 259, itoe. Pima sehemu tatu au nne, maana cheni hailiki sawasawa.

Jambo jingine: pingili za cheni hupishana, nyembamba na pana, kwa hiyo "pingili moja" anayokata fundi kwa kawaida ni jozi. Nunua seti nzima, yaani cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma, vifungwe siku moja.

Nataka kufunga seti mpya mwenyewe. Nianzie wapi? (Msomaji, Njombe)

Kabla ya kwenda duka la spea, hesabu mambo matatu: meno ya mbele, meno ya nyuma na pingili za cheni ya zamani. Idadi ya pingili lazima igawanyike kwa mbili. Namba ya cheni imegongwa kwenye bamba zake, na idadi ya meno mara nyingi imegongwa kwenye sproketi. Nenda na sproketi ya mbele ya zamani mkononi ulinganishe tundu lake la katikati na la ile mpya, kwa sababu mbili zenye meno sawa zinaweza kuwa na matundu tofauti. Ukiona 428H, H inaonyesha bamba nene zaidi, na kwa kubeba abiria na magunia hiyo ndiyo ya kuchukua.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Fungua kifuniko cha sproketi ya mbele, kwangua tope lote lililogandamana, kisha legeza boliti mbili zinazoshika bamba la sproketi wakati cheni ya zamani bado ipo. Weka gia ya kwanza, mwenzako akanyage breki ya nyuma. Wengi huanza kwa kutoa cheni, halafu wanabaki wanahangaika na sproketi inayozunguka bure. Vilevile, nyoosha vibati vya kufungia nati za sproketi ya nyuma na ulegeze nati zenyewe kabla ya kuchomoa tairi.

Sasa rudisha gia huru, zungusha tairi mpaka klipu ya cheni (kibanio kinachofunga kiungo cha kuunganishia) ifike kwenye meno ya sproketi ya nyuma, itoe kwa plaizi, cheni itoke. Toa splitipini, nati ya ekseli na nati ya kurekebishia breki, chomoa tairi. Hapa usikimbilie kufunga. Shika sproketi ya nyuma uizungushe kwa mkono huku umeshikilia habu (kitovu cha tairi). Ikicheza huku na huku, raba za ndani ya habu zimekwisha, na zitaipiga cheni mpya kila unapoongeza mafuta. Ingiza kidole kwenye beringi uzungushe. Ikikwaruza, badilisha sasa hivi.

Funga sproketi mpya ya nyuma, kaza nati kwa kupishanisha, moja kisha ya upande wa pili, na ukunje vibati. Vilivyokatika usivirudishe. Mbele, telezesha sproketi kwenye shafti, ingiza bamba lake, lizungushe likae kwenye mfereji ndipo uweke boliti. Boliti hizo ni ndogo, za spana namba 10. Tumia spana fupi na nguvu ya kiganja tu, zikikatikia ndani ni kazi ya siku nzima.

Rudisha tairi, sogeza ekseli mbele, pitisha cheni, unganisha. Klipu ina umbo la samaki: upande uliofunga ni kichwa, upande wenye uwazi ni mkia. Kichwa kitangulie kule cheni inakokwenda. Cheni ya juu huvutwa kwenda mbele, kwa hiyo klipu ikiwa juu kichwa kinatazama injini. Ikiwa chini kinatazama nyuma. Ikigeuzwa, jiwe au kifuniko kikigusa ule uwazi klipu inasukumwa na kutoka. Cheni iliyochomoka inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele ikapasua kasha la injini, au ikakaba tairi la nyuma ukiwa barabarani.

Katika kukaza, zungusha tairi taratibu utafute mahali cheni inapobana zaidi, pima hapo hapo. Katikati ya cheni ya chini, kati ya sproketi mbili, ipande na kushuka jumla ya mm 20 hadi 30, ila kama kitabu au kibandiko cha pikipiki yako kinasema tofauti, fuata hicho. Kisha wapakie watu wawili uangalie tena. Tairi linapopanda kwa uzito, ekseli husogea mbali na sproketi ya mbele na cheni hubana. Ile uliyoikaza "ikae vizuri" bila mzigo inageuka waya wa gitaa ukipakia, na inakula beringi za shafti na za tairi.

Usiamini sana alama za ubavuni. Pima kwa futi kutoka boliti kubwa ya mkono wa nyuma (ule unaoshika tairi la nyuma) hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, zilingane. Kaza ekseli, weka splitipini mpya, rekebisha breki ya nyuma. Baada ya kilomita 200 hadi 300 pima tena, kwa kuwa cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni.

Nikipunguza jino moja mbele, pikipiki itapanda mlima vizuri zaidi? (Msomaji, Kericho)

Itapanda. Chukua mfano wa meno 14 mbele na 42 nyuma: 42 kwa 14 ni 3. Ukiweka 13 mbele inakuwa 3.23, nguvu inaongezeka kwa karibu asilimia 8, lakini mwendo uliokuwa kilomita 60 kwa saa utakuwa kama 56 kwa mzunguko uleule wa injini. Sisi tungependelea uongeze nyuma, 45 badala ya 42, kwa sababu unapata karibu matokeo yaleyale bila kuikunja cheni kwenye duara dogo zaidi. Huenda ukahitaji pingili mbili za ziada, na hakikisha sproketi hiyo haigusi kava.

Oili chafu ya injini inafaa kupaka cheni? Huku vumbi ni jingi. (Msomaji, Voi)

Haifai. Ina masizi na chembe za chuma, nayo ni nyepesi, inarushwa kwenye rimu. Grisi ya kupaka nje nayo hushika vumbi ikawa msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, kausha, kisha dondosha oili ya giaboksi namba 90 upande wa ndani wa cheni ya chini, pingili kwa pingili, ili mzunguko uisukume kuelekea kwenye pini. Futa inayobaki nje. Fanya hivyo kila kilomita 500, na kila baada ya mvua. Kava la cheni, kama ulilitoa, lirudishe.

Na tairi lizungushwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi huku injini inanguruma, kidole kinafuata kabla hujawahi kuuachia mkono.