Diski Mbili Kwenye Kasha Moja: Maswali Yenu Kuhusu Ukubwa wa Gemu

SWALI: Nimenunua Final Fantasy VII Rebirth ya PS5, nikafungua kasha na kukuta diski mbili. Gemu zinazidi kuvimba kila mwaka. Je, tunarudi enzi za PlayStation ya kwanza, kila gemu kubwa iwe na diski mbili, tatu, nne?

JIBU: Haturudi huko. Gemu za diski mbili zitaendelea kutoka moja moja, lakini hazitakuwa jambo la kawaida. Wengi hudhani ni kwa sababu diski za leo zinatosha. Hazitoshi, gemu kadhaa zimeshapita uwezo wa diski moja. Ila mchapishaji wa leo ana mlango ambao mwenzake wa 1997 hakuwa nao: kisichoenea kwenye diski anakuachia ukipakue mwenyewe.

CD ya PlayStation ya kwanza ilibeba MB 650 hivi. Final Fantasy VII ilitoka na diski 3, ile ya VIII na ya IX zikawa na 4 kila moja. Konsoli ilisoma gemu moja kwa moja kutoka kwenye diski, na kadi ya kuhifadhia ulipofikia ilikuwa na KB 128 tu. Nafasi ikiisha, unaongeza diski au unapunguza gemu, basi. Hali hiyo ilijirudia kwenye Xbox 360 iliyotumia DVD: Final Fantasy XIII ya 2010 ilihitaji DVD 3 huko, wakati PS3 iliimeza kwa Blu-ray 1, diski yenye nafasi kubwa kuliko DVD. Lost Odyssey ilikuwa na DVD 4.

Blu-ray za PS4 na Xbox One zina GB 50. PS5 na Xbox Series X zinasoma diski za GB 100. Zilizovuka mipaka hiyo na bado zikachapwa kikamilifu ni chache: Red Dead Redemption 2 mwaka 2018 na The Last of Us Part II mwaka 2020 zilikuwa na diski 2 kila moja, kisha hiyo Rebirth yako ya 2024. Baldur's Gate 3 ya PS5 ilikuwa na diski 2, ile ya Xbox Series X ikahitaji zaidi ya hapo. Hizo ni kazi za wachapishaji walioamua kubeba gharama ya diski ya ziada, na wanastahili shukrani kwa hilo.

Hata hivyo, diski mbili za leo si kama zile za zamani. Huzibadilishi katikati ya hadithi. Kifaa cha kusomea diski cha PS4 kinavuta karibu MB 27 kwa sekunde kikienda kasi yake ya juu, ilhali SSD ya PS5, yaani hifadhi yake ya ndani isiyo na kinachozunguka, inasoma MB 5,500 kwa sekunde. Kwa tofauti hiyo, hakuna gemu ya sasa inayoweza kuchezwa kutoka kwenye diski. Yote inahamishiwa ndani, na diski moja inabaki kuwa ufunguo.

SWALI: Kwa nini gemu moja ifike GB 120? Hawawezi kubana?

JIBU: Wanabana, na sana. Tatizo ni wingi wa vinavyobanwa.

Chukua uso wa mhusika mmoja. Juu ya umbo lake huvishwa picha, wenyewe wanaziita teksicha. Picha ya pikseli (nukta za rangi) 4,096 kwa 4,096 ina pikseli zaidi ya milioni 16. Ikibanwa hadi baiti moja kwa kila pikseli, ni MB 16. Ongeza nakala zake ndogo ndogo zinazotumika mhusika akiwa mbali, inafika MB 21. Na uso hauvishwi picha moja: kuna ya rangi, ya vinyweleo na mikunjo, na ya mng'ao wa ngozi. Hapo tumeshafika MB 64 kwa uso mmoja. Vitu elfu moja vya namna hiyo ni GB 64, kabla ya kubanwa mara ya pili wakati wa kufungasha na kabla hatujagusa sauti. Ukipunguza picha hadi pikseli 2,048 kwa 2,048, uzito unashuka hadi robo. Ndiyo maana gemu ileile inaweza kuwa nyepesi sana kwenye konsoli isiyolenga picha kali ya 4K.

Sauti nayo si ndogo. Maongezi ya saa 20, yakihifadhiwa bila kubanwa kwa lugha 8, yanakula takriban GB 55. Yakibanwa vizuri yanashuka hadi sehemu ya kumi ya hapo. Titanfall ya kompyuta, 2014, ilikuwa na GB 48, na GB 35 kati ya hizo zilikuwa sauti isiyobanwa, kwa sababu watengenezaji hawakutaka kompyuta dhaifu zipoteze nguvu kwenye kuifungua.

Mzigo wa tatu wengi hawaujui: data iliyorudiwa. Diski ngumu ya kizamani ina sindano inayosafiri juu ya sahani inayozunguka, na kila safari inapoteza muda. Ili kuipunguzia safari, watengenezaji waliweka nakala ya kitu kilekile sehemu nyingi. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza Machi 2020 kwamba katika Marvel's Spider-Man ya PS4 vipo vipande vya data vilivyorudiwa mara 400. SSD haina sindano, kwa hiyo marudio hayo hayahitajiki. Mwishoni mwa 2025, Helldivers 2 ya kompyuta ilishuka kutoka karibu GB 154 hadi GB 23, hasa kwa kuondoa marudio tu. Kabla ya kudai diski ya pili, sisi wachezaji tuna haki ya kuuliza ya kwanza imejazwa nini.

SWALI: Nimeweka diski, lakini konsoli inapakua GB 60 nyingine. Diski ina nini basi?

JIBU: Inategemea gemu, na hapa ndipo tunapowaomba muwe macho kuliko kwenye suala la diski mbili.

Kuna aina tatu. Ya kwanza ina gemu nzima, na unachopakua ni sasisho la kurekebisha kasoro. Ya pili ina sehemu tu. Ya tatu ni ufunguo mtupu: diski ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na takriban MB 70, na gemu yote ilitoka kwenye intaneti. Mchapishaji anapata nini? Diski ya GB 50 ni rahisi kutengeneza kuliko ya GB 100, na diski moja ni nafuu kuliko mbili. Pia anapata wiki kadhaa za ziada za kazi, kwa sababu diski zinapelekwa kiwandani mapema wakati kinachopakuliwa kinaweza kukamilishwa hadi siku ya mwisho.

Unavyoweza kujua una aina gani:

Soma kwanza sehemu ya chini ya kasha, mbele na nyuma. Maneno yanayosema lazima upakue kupitia intaneti yana maana tofauti na yale yanayosema intaneti inahitajika kwa kucheza na wengine. Ya kwanza ndiyo ya kuogopa.

Kisha, kabla hujaingiza diski mara ya kwanza, zima Wi-Fi na uchomoe waya wa mtandao. Sakinisha. Angalia ukubwa uliosakinishwa kwenye mipangilio ya hifadhi, kisha uanze gemu. Usiishie kwenye menyu. Cheza utangulizi hadi ukabidhiwe mchezo wenyewe, kwa sababu gemu nyingine hufungua sura ya kwanza tu na kukusubirisha. Ukimaliza, rudisha mtandao na upokee sasisho; mara nyingi linafaa.

Kwa nini tunasisitiza? Duka la mtandaoni hufungwa. Nintendo ilizuia ununuzi kwenye duka la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na Microsoft ikafunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Siku seva za kupakulia zikizimwa pia, diski yenye gemu nzima bado itacheza, na ile ya MB 70 haitakuwa na cha kufungua.

SWALI: Diski zangu mbili zimeandikwa moja ya data, nyingine ya kuchezea. Nilianza na ya kuchezea, ikakwama. Nimeharibu?

JIBU: Hujaharibu kitu. Itoe, ingiza ya data, iache imalize kabisa. Konsoli itakuambia yenyewe lini uweke ya kuchezea, na hiyo ndiyo itakaa ndani kila unapocheza. Ya data irudishe kwenye kasha, huihitaji tena mpaka siku utakapofuta gemu.

Kinachokwamisha watu mara nyingi zaidi ni nafasi. Ukubwa ulioandikwa kwenye kasha hauhesabu sasisho, na PS4 ikisasisha gemu hutengeneza nakala yake kwanza, hivyo inaweza kudai nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa gemu nzima. Usakinishaji ukisimama asilimia zile zile kwa nusu saa, futa ulichosakinisha, futa gemu nyingine moja, ufute na diski kwa kitambaa, uanze upya.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha diski zote zimo na soma maandishi ya kila moja. Diski ya data peke yake haifungui gemu.

SWALI: PS5 imejaa. Ninunue diski ya nje ya USB au SSD ya ndani?

JIBU: Ya USB inahifadhi gemu za PS5 lakini haiziendeshi, utazirudisha ndani kwanza. Za PS4 zinaendeshwa humo bila shida. Kama mtandao wako ni wa bando, hata hiyo inafaa, kwa kuwa kuhamisha GB 100 ni nafuu kuliko kuipakua tena.

Ya ndani lazima iwe ya aina iliyoandikwa M.2 NVMe ya PCIe 4.0, kati ya GB 250 na TB 8, na iwe na bamba la kupoozea; kasi ya kusoma inayopendekezwa ni MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Pima unene: SSD pamoja na bamba isizidi milimita 11.25. Watu hununua bamba nene, wakija kufunga kifuniko hakikai. Zima konsoli kabisa, si kuilaza, na uchomoe waya wa umeme kabla ya kushika bisibisi. Ukiwasha itaomba kuiumbiza SSD (format), kubali.

Kwenye Xbox Series X na S, gemu za kizazi hiki zinaendeshwa kutoka hifadhi ya ndani au kadi maalumu ya hifadhi inayochomekwa nyuma tu.

SWALI: Kadi za gemu za Switch 2, konsoli ya Nintendo, je?

JIBU: Kadi yake kubwa ni GB 64, na Cyberpunk 2077 imeingia humo. Lakini zipo kadi za ufunguo zisizo na gemu ndani, na kasha lake linasema hivyo upande wa mbele, chini. Soma kabla ya kulipa.

SWALI: Blu-ray yangu ina mikwaruzo. Niipeleke kwenye mashine ya kusugua kama nilivyofanya na CD?

JIBU: Usithubutu. Kwenye CD, leza hupita milimita 1.2 za plastiki kabla ya kufika kwenye data, kwa hiyo unaweza kusugua kidogo bila madhara. Kwenye DVD ni milimita 0.6. Kwenye Blu-ray ni 0.1 tu, unene unaokaribia karatasi, na juu yake kuna ngozi ngumu ya kinga. Mashine ikiichuna ngozi hiyo umemaliza. Tumia kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kiloweshe maji kidogo, futa kwa mstari mnyoofu kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Ikikataa baada ya hapo, ijaribu kwenye konsoli nyingine kabla hujaitupa, kwani leza iliyochoka hukataa diski nzima zisizo na kosa.