Gesi isiyotumika nyumbani: kufunga akaunti, kuondoa mita na kukata bomba ni mambo matatu tofauti

Swali: Tangu mwaka jana tunapika na kupasha maji moto kwa umeme peke yake. Jiko la gesi tumeshaliondoa na koki iliyo kando ya mita imefungwa. Hata hivyo naletewa ankara kila mwezi, na mara mbili ankara hiyo ilidai kwamba nimetumia gesi. Kampuni inayoniuzia gesi inasema kukata si kazi yake, niende kwa wenye mabomba. Wenye mabomba nao wanasema hawana mkataba nami, nirudi kwa muuzaji. Je, nikiacha kulipa watanikatia wenyewe? Na je, fundi wangu anaweza kuiondoa mita hiyo?

Jibu: Ndugu msomaji, naanza na maswali yako mawili ya mwisho kwa kuwa ndiyo yenye hatari. Usiache kulipa kwa matumaini ya kukatiwa. Ada ya kudumu hutozwa kwa sababu mkataba upo na nyumba imeunganishwa, si kwa sababu gesi imetumika, na kwa hiyo deni litaendelea kukua hata kama koki haijaguswa kwa miaka. Ukija kuomba huduma ifungwe rasmi, deni hilo ndilo litakalotajwa kwanza, na hoja yako iliyokuwa na haki itaonekana kama kisingizio cha mdaiwa.

Kuhusu fundi wako, jibu ni hapana, hata akiwa fundi hodari. Mita kwa kawaida si mali ya mwenye nyumba, na kuigusa bila idhini kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kuichezea ili kuiba gesi. Lakini sababu kubwa zaidi ni ya kiufundi. Bomba linalotoka barabarani hadi kwenye koki lina gesi yenye msukumo saa zote, na anayefungua mita anaitegemea koki hiyo peke yake izuie gesi. Koki iliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa mara nyingi haifungi sawasawa. Aidha, bomba la chuma linaweza kuwa linapitisha umeme unaorudi ardhini kutokana na hitilafu ya nyaya za nyumba, na mara bomba linapoachanishwa cheche huruka mahali hapo hapo penye gesi. Ndiyo maana mafundi waliofunzwa kazi hii hufunga kwanza waya unaounganisha pande mbili za mita kabla ya kulegeza nati hata moja. Gesi asilia huwaka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kiwango ambacho kabati dogo la mita hukifikia upesi.

Sasa tuje kwenye kiini cha usumbufu wako. Nimeona wateja wengi wakirushwa huku na huku namna hiyo, na kwa maoni yangu chanzo kikubwa ni neno “kukata”, ambalo kila upande hulielewa kwa namna yake. Muuzaji anaweza kufunga akaunti, yaani kuvunja mkataba, na hapo ankara zikakoma huku mita ikibaki ukutani. Kuondoa mita ni kazi nyingine, ambayo mara nyingi huagizwa na muuzaji na kufanywa na mwenye mita. Bomba huzibwa kwa kifuniko, lakini gesi hubaki imesimama ndani yake hadi mlangoni pako. Jambo la tatu ni kukata bomba lenyewe kutoka kwenye bomba kuu la mtaani, na hiyo ni kazi ya wenye mabomba peke yao, kwa kuwa hudai kuchimba. Ukimwambia muuzaji “nikatieni gesi” akafikiri unataka kuchimbiwa barabara, atakuelekeza kwa wenye mabomba, nao wakidhani unataka kuvunja mkataba watakurudisha kwake.

Kwa hiyo andika, usipige simu tu. Kwa muuzaji omba mambo mawili kwa majina yake: mita iondolewe, na akaunti ifungwe kuanzia siku mita inapoondolewa, si siku ankara inayofuata itakapotolewa. Taja namba ya akaunti, namba iliyochapwa kwenye mita yenyewe, na namba ya mahali pa huduma kama imo kwenye ankara. Omba jina la idara itakayoshughulikia ombi lako na namba ya kumbukumbu. Akikujibu kwamba si kazi yake, muombe aandike hivyo, pamoja na jina la anayehusika; barua hiyo ndiyo utakayoiambatanisha kwa wenye mabomba na, ikibidi, kwa mamlaka inayosimamia huduma za nishati, ambayo kwa kawaida hutaka kwanza kuona kwamba umeilalamikia kampuni yenyewe.

Kabla ya barua hiyo, hata hivyo, shughulikia yale matumizi usiyoyafanya. Piga picha ya mita leo, namba zote zikionekana, kisha piga nyingine baada ya wiki moja. Zikiwa zilezile, yaelekea ankara zile mbili zilikadiriwa bila mtu kuja kusoma; tazama kama kuna alama au neno la makadirio kando ya usomaji, kisha peleka picha zako na udai hesabu irekebishwe. Usichanganyikiwe na vipimo: mita nyingi husoma mita za ujazo, ilhali ankara huweza kuhesabu kwa kilowati-saa, na mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa takriban kilowati-saa 11. Lakini namba zikiwa zimesogea ilhali koki imefungwa na hakuna kifaa chochote, suala si la malipo tena. Gesi inapita na inakwenda mahali. Fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje na wote walio ndani, kisha upige simu ya dharura ya gesi.

Je, ukomee kwenye kuondoa mita au ulikate bomba kabisa? Uliza gharama ya kulikata na gharama ya kuunganishwa upya, maana ya pili mara nyingi husahaulika. Kama unafikiri utairudia gesi, au utauza nyumba karibuni, kuondoa mita kunatosha. Kama umeachana nayo kwa dhati, mimi napendelea bomba likatwe, hasa likiwa la chuma cha zamani, kwa kuwa chuma huliwa na kutu ardhini. Wengi hujipa moyo kwamba likivuja watanusa, ilhali gesi asilia haina harufu yake yenyewe. Harufu tunayoijua hutiwa makusudi, na gesi inayopenya udongoni inaweza kupoteza sehemu ya harufu hiyo kabla ya kufika juu. Ukikusudia kubomoa ukuta au kuchimba msingi upande linakopita, hapo hakuna mjadala: likatwe kwanza. Katika jengo la ghorofa bomba la kupandia, yaani lile linalopeleka gesi ghorofa za juu, ni la wote, na kwa hiyo utakatiwa tawi lako tu, tena kwa kumshirikisha msimamizi wa jengo.

Siku ya kazi, fundi aondoe gesi iliyobaki kwenye mabomba ya ndani na kuziba kila ncha, na fundi umeme aangalie kama waya wa ethi, yaani ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, ulitegemea bomba hilo. Soma mita mkiwa pamoja, uipige picha ya mwisho kabla haijachukuliwa, na upate hati inayoeleza kama bomba limezibwa ukutani au limekatwa kwenye bomba kuu, ikiwa na mchoro wa mahali penyewe. Hati hiyo iwekwe pamoja na hati za nyumba, ili atakayechimba uwanja huo baada yako ajue kilichomo ardhini.