Nikikwangua rangi kwenye kihisi cha kamera, mwanga utaongezeka mara nne?

Swali: Nina kamera ya zamani ya DSLR ninayopigia picha za nebula, yaani mawingu ya gesi angani, kwa darubini. Nimeambiwa nikikwangua tabaka la rangi lililo juu ya kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga), itapiga nyeusi na nyeupe tupu na kupokea mwanga mara nne. Ni kweli? Nianzie wapi?

Jibu: Ukweli upo, ila si wote. Kihisi chenyewe hakijui rangi. Juu ya kila pikseli, yaani kila nukta inayopokea mwanga, kuna kichujio kidogo cha rangi, kwa mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. Nebula nyingi hung'aa kwa mwanga mwekundu wa hidrojeni, nanomita 656.3. Ukiupiga mwanga huo peke yake, pikseli moja kati ya nne ndiyo inayofanya kazi ya maana. Rangi ikitoka, zote nne zinafanya kazi.

Lakini ile pikseli nyekundu haipati cha ziada cha maana. Unachovuna ni pikseli nyingi zaidi zinazopokea, na picha kali zaidi. Isitoshe, juu ya rangi kuna vilenzi vidogo mno vinavyoelekeza mwanga kwenye pikseli, navyo vinakwanguka pamoja nayo. Kwa hiyo mara nne kamili usiitegemee.

Mimi ningeanza na kile kioo kinachozuia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) mbele ya kihisi. Katika kamera nyingi kinakula sehemu kubwa ya huo mwanga wa 656.3, na ukikitoa kihisi hakiguswi kabisa. Fokasi itahama, basi irekebishe kwa kuikuza nyota kwenye skrini. Watu wengi huridhika hapo.

Ukitaka kuendelea, jifunzie kwenye kihisi kilichokufa. Kwa hatua zote mbili, kabla ya kufungua kamera toa betri, na usiguse kapasita ya flashi: hubaki na chaji ya mamia ya volti hata kamera ikiwa imezimwa. Kihisi chenyewe kina kioo kingine juu yake kilichogandishwa kwa gundi, na kukibandua ndiyo hatua inayoua vihisi vingi. Pembezoni utaona safu ya nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele. Ukigusa moja ikakatika, kazi imeisha. Kwangua kwa kijiti cha mti kilichochongwa bapa, kamwe si chuma, ukianzia katikati. Rangi hutoka kama magamba membamba, na chini yake panabaki uso unaometa. Ukikaribia nyaya, acha ukingo bila kukwangua. Ni afadhali kupoteza ukanda wa picha kuliko kihisi kizima.

Kamera haitajua ulichofanya. Itaendelea kuandika faili kana kwamba rangi zipo, kwa hiyo tumia programu inayosoma faili ghafi (RAW) bila kuunganisha rangi. Mabaki ya mikwaruzo yatoe kwa picha za uso mweupe wenye mwanga sawasawa, ulizopiga kwa darubini ileile na fokasi ileile.