Umemkuta kiwavi kwenye mndimu? Usimtenge na jani lake

Msomaji wa Wete kaleta picha juzi: juu ya jani la mndimu wa kwenye kopo kuna kitu mfano wa kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe, ila kinatembea. "Hichi kidudu gani, na nimpe nini ale?" Swali la pili tayari kalijibu mwenyewe: alipokutwa ndipo penye chakula chake. Wengi hutuma picha ya mdudu kawekwa kiganjani, jani limeshatupwa, na hapo hata mjuzi hubahatisha.

Kumjua mdudu, anza kwa kumtazama miguu. Funza wa nzi hana hata mmoja, wala kichwa hukioni. Buu la chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, lina miguu sita, kichwa cha kahawia na mwili mweupe uliojikunja kama ndoana. Hukaa kwenye magogo ya minazi yaliyooza. Hilo halifugwi, wape kuku. Kiwavi ana miguu sita kifuani, kisha vijiguu vinene vya tumboni visivyozidi jozi tano. Akiwa na manyoya au miiba usimshike, huwasha.

Wa Wete ni kiwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Mguse kwa ujiti: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Akikua hugeuka kijani, akafika sentimita 4 au zaidi.

Mpe majani ya mndimu, mlimau au mchungwa usiopigwa dawa. Mchicha hali, hata njaa imuue. Kata kitawi, kikung'ute maji moto (wale chungu wekundu wa mitini) wote maana humla kiwavi, ukitie ndani ya kichupa cha maji na mdomo uuzibe kwa pamba. Ukiuacha wazi, kiwavi hushuka na kitawi mpaka majini, akafa. Weka vyote ndani ya ndoo ya lita 10, ufunike kwa mtandio mwepesi. Chandarua usitumie: vile vya kugaiwa vina dawa, na dawa ile haichagui mbu. Chini tandika gazeti, ulibadilishe kila siku pamoja na majani. Masika kinyesi huota ukungu upesi. Jua kali lisimfikie.

Akitulia siku nzima bila kula, anajivua ngozi. Mwache. Akianza kuzunguka ndoo na kutoa kinyesi cha majimaji, anatafuta pa kugeukia pupa, yaani ganda analotulia ndani yake kabla ya kuwa kipepeo: msimamishie kijiti kikavu, atajifunga uzi kiunoni. Hapo subiri wiki mbili hadi tatu. Pupa likiwa na tundu dogo ubavuni, ndani mlikuwa na nyigu, wala kosa si lako.

Kipepeo akitoka lazima aning'inie saa moja au mbili, mbawa zinyooke. Plastiki huteleza, akianguka mbawa hukauka zimejikunja, haruki tena. Kwa hiyo kile kijiti usikiondoe, na akianguka mpandishe hapo hapo.