Re: Rivolva ya marehemu babu haina jina la kiwanda, nitajuaje ni ya mwaka gani?
Ndugu, kwanza kabisa hakikisha haina risasi, kagua silinda tundu moja moja. Halafu hiyo alama ya yai yenye herufi ELG uliyoiona kwenye silinda ndo utajiri wenyewe, ni muhuri wa majaribio, yaani wa kuonyesha silaha ilijaribiwa kwa kufyatuliwa, wa mji wa Liège kule Ubelgiji, sasa chukua lenzi uangalie vizuri juu yake kama kuna taji, likiwepo basi ilipigwa muhuri kuanzia 1893, lisipokuwepo na pale hapajafutika ni ya kabla ya hapo. Tarehe ya patenti kwenye mtutu isikuchanganye, ni ya uvumbuzi sio ya kutengenezwa. Na tafadhali sana usiipige msasa, kutu itakwenda na alama zote!