Kijana wangu hataki serikali

SWALI: Mhariri, mimi nashona nguo soko la Kibuye, Kisumu. Kijana wangu siku hizi anajiita anakisti, yaani mtu asiyetaka serikali yoyote. Juzi kanjo alipokuja kudai ushuru, akamwambia eti "mali ni wizi." Sasa hii cherehani niliiba? – Mama Fundi

JIBU: La, mama, endelea kushona. Maneno hayo ni ya Pierre-Joseph Proudhon, Mfaransa mpiga chapa, aliyeyaandika 1840. Alimlenga mwenye shamba anayelikodisha na kula kodi yake bila kutoa jasho; chombo cha fundi hakuwa na ugomvi nacho. Kabla yake, 1793, Mwingereza William Godwin aliishambulia serikali yoyote ile, ila alitaka watu wabadilike kwa mjadala, si kwa mawe. Kijana amsome na huyo. Ushuru lipa, risiti uibane pale kwenye cherehani.