Maswali ya Wasomaji: Kisima, Choo na Kiwanja Ndani ya Hifadhi

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, ilitangazwa mwaka 2000 vijiji vikiwa tayari vimo ndani yake. Watu wanavua humo, wanalima, wanaoa na kujenga. Maswali ya safari hii yanatoka huko, isipokuwa moja la Newala.

SWALI: Kisima chetu kilikuwa na maji baridi, yasiyo na chumvi, tangu enzi za babu. Mwaka juzi tulikichimba zaidi na kuweka mashine, kwa sababu tumejenga nyumba mbili za kupangisha. Sasa maji hayafai hata kwa chai. Tuongeze kina? (Msomaji, Msimbati)

JIBU: Hapana, ndugu yetu, msiongeze. Kina ndicho kilichowaponza, na mashine ikamalizia.

Maji mnayokunywa ni ya mvua. Yamezama mchangani, yakaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo, kiasi cha sehemu moja katika 40. Kwa hesabu hiyo, kila sentimita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huikandamiza chumvi sentimita 40 kwenda chini. Hesabu hiyo hiyo hufanya kazi kinyume. Mkivuta hadi maji ya kisima yakashuka sentimita 10, chumvi iliyo chini inatafuta kupanda mita nne, nayo hupanda pale pale chini ya kisima, ikichongoka kama kichuguu. Mtu mwenye ndoo na kamba akijitahidi atatoa lita 10 au 15 kwa dakika, kisha atapumzika ajitwishe. Mashine ya petroli ya inchi mbili huandikwa lita 500 kwa dakika, na haipumziki.

Pimeni kwanza mjue chumvi imefika wapi. Chukueni chupa ya nusu lita, ifungeni jiwe, muiwekee kizibo chenye kamba yake ya pili. Ishusheni taratibu hadi chini ya kisima, vuteni kamba ya kizibo, subirini mapovu yaishe, kisha ipandisheni. Chupa nyingine ijazwe juu juu. Onjeni zote mbili, au mwazime kipima chumvi cha mkononi kwa fundi wa maji: miligramu zikizidi 1,000 kwa lita, wengi huanza kuisikia chumvi mdomoni. Fanyeni hivyo wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, na tena wakati wa maji mafu, ikijaa na kupwa kidogo, maana karibu na pwani kisima huweza kubadilika kwa mwendo wa bahari. Kama chupa ya juu bado ni baridi, kisima kinaweza kuokolewa.

Ondoeni mashine. Kisha subirini mwisho wa kiangazi, Oktoba au Novemba, maji yakiwa chini kabisa, mpime kina kwa kamba yenye jiwe. Jazeni kisima mchanga mnene uliooshwa kwa maji baridi hadi kibaki na nusu mita tu ya maji siku hiyo ya uhaba. Watu huona uchungu kufukia kazi yao wenyewe, lakini ile sehemu ya chini haiwapi tena maji ya kunywa, inawaletea chumvi tu.

Kama nyumba ni nyingi, kisima kimoja hakitoshi hata mkifanyaje. Chimbeni viwili au vitatu vifupi vilivyoachana mita 30 au zaidi, mchote kwa zamu. Njia bora kuliko hiyo ni mtaro: lazeni bomba la inchi nne lenye matundu, urefu wa mita 6 hadi 10, sambamba na ufuo, sentimita 30 chini ya kimo cha maji ya Oktoba. Lizungushieni kokoto, juu yake mchanga mnene, na lipeni mwinamo kuelekea kisima kilichojengewa pete za zege. Maji huingia kutoka urefu wote wa bomba, hivyo hakuna sehemu moja inayonyonywa sana. Kabla ya jembe kugusa ardhi, ulizeni kibali ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, iliyopo Mtwara, na ofisi ya hifadhi.

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapungua, chumvi inabaki ile ile. Na msitegemee masika moja ilisafishe eneo lote, kwani chumvi iliyokwisha kupanda huchukua misimu kadhaa kusukumwa chini.

SWALI: Halmashauri ya kijiji inataka kuwagawia vijana viwanja vya mita 20 kwa 20, kila mmoja achimbe kisima chake na choo chake. Watu wa hifadhi wanatuambia tupunguze. Wanatuonea? (Mjumbe, kata ya Madimba)

JIBU: Mheshimiwa mjumbe, chukua kamba upime kiwanja hicho pembe hadi pembe. Utapata mita 28 na kidogo. Choo cha shimo kinatakiwa kikae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima. Kwa hiyo, ndani ya kiwanja hicho hakuna mahali ambapo mtu anaweza kuweka vyote viwili, hata akivipeleka kwenye pembe zinazotazamana. Na kisima kikiwa salama kwa choo chake, bado kuna cha jirani upande wa pili wa ua.

Hesabu nyingine ndiyo inayofaa kupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Duara la mita 30 kuzunguka kisima kimoja ni mita za mraba 2,827, yaani kama sehemu saba za kumi za ekari. Visima kumi vya watu binafsi, vikiachana, vinataka hadi ekari saba zisizo na choo. Kisima kimoja cha pamoja kinataka duara moja. Vijana hao hao kumi, wakichangia kisima, wanatosha kwenye eneo dogo zaidi, na msitu unaobaki unabaki msitu.

Tunashauri mpango wa matumizi ya ardhi uanzie kwenye maji. Andikeni kwanza visima vyote vyenye maji baridi mwezi wa Oktoba, kila kimoja na duara lake. Kisha wekeni mita 60 kutoka ufuoni, kingo za mto na mabwawa, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza humo shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Halafu mikoko. Panapobaki pakavu, pa juu, na maji ya chini ya ardhi yanapita kisimani kabla ya kufika hapo, wekeni nyumba. Kwa kawaida maji hayo huelekea baharini, kwa hiyo choo kikae upande wa bahari na kisima upande wa bara, siyo kinyume chake. Kosa hili tunaliona mno, kwa sababu kila mtu anataka baraza itazame bahari na choo kijifiche nyuma.

Kitako cha shimo kikae mita moja na nusu juu ya kimo cha maji ya masika. Maji yakiwa mita mbili tu chini, shimo la kawaida halifai: jengeni choo cha kunyanyuliwa, nusu mita ardhini na zaidi ya mita moja juu, kwa tofali zilizosakafiwa, mkipande kwa ngazi. Mchangani shimo lisilojengewa huporomoka masika ya kwanza.

SWALI: Nilikata boriti za mikoko kwa ajili ya kenchi, nikazuiwa. Mawe ya matumbawe nayo hayaruhusiwi. Nijenge kwa nini basi? (Kijana, Nalingu)

JIBU: Mikoko ya pwani yetu yote ni misitu ya hifadhi ya Serikali, bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu haikatwi, na ndani ya hifadhi ya bahari ofisi yake nayo lazima ihusishwe. Tunajua boriti ya mkandaa au msinzi haina mfano, na wazee walijenga nazo. Lakini mizizi hiyo ndiyo inayolea kamba na samaki wachanga unaowavua wewe mwenyewe. Matumbawe nayo ni viumbe hai: yale ya mabonge huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo bonge la nusu mita ni kazi ya miaka kama 50, na tanuri la chokaa hulimaliza usiku mmoja pamoja na mzigo wa kuni.

Jaribu tofali za kufungamana za udongo na saruji, zinazogandamizwa kwa mashine ya mkono na hazichomwi. Udongo mwekundu wa bara unafaa kuliko mweusi. Upime hivi: jaza chupa theluthi moja ya udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache hadi kesho yake. Mchanga unaotua chini ukiwa kama theluthi mbili ya udongo wote, endelea. Ukiwa mfinyanzi mtupu, changanya mchanga, la sivyo tofali zitapasuka zikikauka.

Kwa nyumba ya mita 8 kwa 7 yenye kuta za ndani, tofali za sentimita 30 kwa 15 kwa 10 zinahitajika kama 3,500, kwa kuwa mita moja ya mraba hula 33. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa tofali 75, ni mifuko 47 bila msingi. Zifunike kwa nailoni kivulini, uzimwagilie siku saba bila kukosa. Anayezianika juani siku ya pili anapata tofali zinazomomonyoka kwa ukucha.

Usitumie mchanga wa ufuoni kamwe. Kwanza unakula pwani yenu. Pili, una chumvi. Utazame ukuta uliojengwa nao baada ya masika mbili: rangi inavimba malengelenge, ukiyabonyeza unatoka unga mweupe kama wa muhogo, na nondo ya lenta inafura kutu mpaka zege linabanduka. Maji ya kisima cha chumvi hufanya vivyo hivyo.

Kwa kenchi, pasua minazi mizee isiyozaa tena. Tumia mbao za pembeni mwa shina, sehemu ya chini, iliyo nyeusi na nzito. Ya katikati ni laini, mchwa hawaichelewi. Mivinje ukiipanda leo, miaka mitano hadi sita unakata boriti zako mwenyewe.

SWALI: Tunaambiwa hifadhi ni njia ya kutuhamisha. Ni kweli? (Mama mkulima, Tangazo)

JIBU: Mama, hifadhi hazifanani. Hifadhi ya Taifa, kama Nyerere iliyotangazwa 2019 na kuingia hadi Liwale, hairuhusu makazi ya wananchi. Hifadhi ya bahari iko chini ya sheria ya 1994, na sheria hiyo inataka vijiji vishirikishwe katika kila hatua ya kupanga na kusimamia, vigawane faida, na wenyeji wapewe kipaumbele. Dai nafasi hiyo mkutanoni, na muombe mpango wa usimamizi usomwe kwa Kiswahili. Kule Uingereza watu wanaishi ndani ya hifadhi ya Peak District, iliyotangazwa 1951. Waliohamishwa huko walihamishwa na maji, siyo na hifadhi, kwani bonde mojawapo lilikuwa limekwisha kuzibwa kwa ajili ya maji ya miji: bwawa la Ladybower, lililojaa 1945, lilizamisha vijiji vya Derwent na Ashopton. Kijiji chenye ramani ya maji yake kinaingia mkutanoni na hoja mkononi.

SWALI: Nyumba yangu ni ya bati, mita 8 kwa 7, na maji ya bomba kutoka chanzo cha Mitema hayafiki kila siku. Nijenge tangi la ukubwa gani? (Mwalimu, Newala)

JIBU: Mwalimu, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 900, bati lako la mita 56 litakupa kama lita 40,000 baada ya kutoa inayopotea. Paa linatosha, pungufu ni tangi. Watu sita, lita 15 kila mmoja kwa siku, siku 180 za kiangazi: lita 16,200. Tangi la duara la kuchimbiwa ardhini, kipenyo mita 3.2 na kina mita 2.2, linabeba kama 17,700. Lisiwe la mraba, kwa kuwa pembe ndizo zinazopasuka kwanza.

Mvua za kwanza zisiingie. Weka bomba la wima la inchi sita, refu mita mbili na robo, lenye mfuniko wa kufungua chini: linashika kama lita 40 za vumbi na kinyesi cha ndege kabla maji hayajapita kuelekea tangini. Lifungue baada ya kila mvua. Tangi lisikauke kabisa kiangazi, plasta itapasuka. Kila tundu liwe na wavu wa mbu, na mfuniko uwe na kufuli, watoto wapo. Anayeshuka kusafisha aache tangi wazi kwanza kwa saa kadhaa, ashuke akiwa na kamba kiunoni, na mtu wa kumvuta asiondoke pale juu.